Saa kumi alfajiri kwenye geti la Bethlehemu: niliyoyaona nikihesabu vibarua wa Kipalestina

Binti Usambara (mleta mada)

Wakuu salaam, na wakubwa zangu wote shikamooni.

Juzi kuna mdogo wetu mmoja alileta humu picha ya wanaume wamebanana kwenye ujia wa nondo, akauliza kama ni gereza. Si gereza. Ule ni ujia wa kuingilia kizuizi cha jeshi la Israeli upande wa kaskazini wa Bethlehemu, karibu na kaburi la Raheli, na wale ni mafundi na vibarua wa Kipalestina wanavuka kwenda kazini Israeli. Nalijua lile geti kwa sababu mwaka 2017 nilisimama pale asubuhi nyingi na kimashine cha kuhesabia mkononi. Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili, nikaona haitatosha.

Mimi ni mzaliwa wa Lushoto, Mlutheri, naishi Sweden, kazi yangu ni kutunza wazee. Baraza la Makanisa Ulimwenguni lina mpango wake wa kupeleka watu wa kujitolea Palestina na Israeli, unaitwa EAPPI. Ulianza 2002, baada ya wakuu wa makanisa ya Yerusalemu kuomba wenzao duniani walete watu wakae na wananchi na kushuhudia. (Wakenya watamkumbuka Mchungaji Samuel Kobia, ndiye aliyekuwa katibu mkuu wa Baraza hilo kuanzia 2004 hadi 2009.) Unakaa miezi mitatu. Unavaa kizibao chenye nembo ili askari na wananchi wote wakujue wewe ni nani. Hubebi chochote zaidi ya simu, daftari na kile kimashine.

Kizuizi kile kina namba, 300, na wenyeji wanakiita hivyo hivyo, Mia Tatu. Ukuta uliojengwa na Israeli unapita pale. Ni zege tupu, mita nane kwenda juu, na geti limepachikwa ndani yake. Ukisimama upande wa Bethlehemu huoni Yerusalemu ingawa ni jirani kabisa.

Tulikuwa tunafika kabla ya saa kumi alfajiri, na kila tulipofika tulikuta foleni tayari ni ndefu. Wengine walikuwa pale tangu saa nane usiku. Wamelala juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, kofia imevutwa usoni, mfuko wa chakula umefungwa kifundoni ili usiibwe wala kukanyagwa. Wengi hawakuwa watu wa Bethlehemu. Walitoka Hebroni, Yatta, Dura na vijiji vya huko kusini, kwa hiyo nyumbani waliondoka saa saba usiku. Wauza chai na kahawa wamepanga birika zao kando ya ukuta, kuna mikate ya ufuta na falafeli. Moshi, kikohozi, sigara. Baridi ya Novemba kule ni ya mlimani. Mtu wa Lushoto ataielewa.

Saa kumi au baada yake geti linafunguliwa. Ujia wenyewe una zege upande mmoja na nondo upande mwingine, na upana wake ni wa watu wawili au watatu. Wanaingia hapo mamia kwa mpigo. Mbele kuna geti la vyuma la kuzunguka, ambalo askari analifungua na kulifunga kwa kitufe akiwa mbali. Likifungwa, wa nyuma hawajui, wanaendelea kusukuma. Hapo ndipo unasikia ile sauti. Si kelele za ugomvi. Ni pumzi za watu mia tatu zinabanwa pamoja. Vijana wanapanda juu ya nondo, wanatambaa kama wako darini, wanajidondosha mbele ya wenzao. Wazee wanawakaripia, na wazee hao hao kesho yake wakichelewa na wao wanapanda. Nilimwona mwanamume wa umri wa baba yangu akipanda, viatu vyake vya kazi vinateleza kwenye chuma.

Ukipita hapo, unavua mkanda, mfuko unapita kwenye mashine, unafika kwenye dirisha la kioo, unaonyesha kadi, unaweka vidole kwenye mashine. Fundi wa zege au wa marumaru vidole vyake vimekwisha kuliwa na saruji. Mashine haimsomi. Anafuta kidole kwenye suruali, anajaribu tena, anafuta tena, na nyuma yake kuna watu elfu.

Sisi kazi yetu ilikuwa nini? Kuhesabu. Wangapi wamepita kila nusu saa. Madirisha mangapi yamefunguliwa na mangapi yana taa lakini hayana mtu. Geti limefungwa dakika ngapi. Na kila asubuhi tulimchagua mtu mmoja wa mwisho wa foleni, tukamwomba ruhusa, tukaandika saa aliyojiunga na saa aliyotokea ng'ambo. Asubuhi ya kawaida walipita elfu nne, elfu tano, siku nyingine zaidi. Hatukuwa na uwezo wa kumfungulia mtu geti.

Nitaendelea nikipata nafasi. Kesho nina zamu.

---

Mchonga Mawe

Dada umenigusa, mimi ni fundi ujenzi hapa Mbagala, mwaka wa kumi na tisa huu. Swali langu ni la kifundi. Hizo saa za foleni wanalipwa? Na vifaa vyao vya kazi wanavipitishaje? Mimi timazi na mwiko wangu simwachii mtu.

---

Kaka wa Kinondoni

Nafuatilia. Dada maliza kwanza halafu tuulize.

---

Mtazamaji

Mleta mada, nakuheshimu kwa kwenda, lakini naomba tuwe wakweli. Kati ya 2000 na 2005 mabasi na migahawa ya Israeli ililipuliwa na watu waliojivika mabomu. Nchi gani duniani isingeweka ukaguzi? Hata sisi baada ya mabomu ya balozi 1998 tulianza kukaguliwa hadi chini ya gari.

---

Binti Usambara

Fundi Mchonga Mawe, hawalipwi. Siku inaanza kuhesabiwa ukiwa kwenye mradi. Ng'ambo ya geti kuna magari madogo ya wakandarasi yanasubiri, na dereva hasubiri mtu mmoja. Gari likiondoka, siku imekufa. Kuhusu vifaa, niliowaona mimi wengi walikuwa mikono mitupu na mfuko wa chakula. Kitu chenye ncha kinakuletea matatizo kwenye mashine, kwa hiyo vifaa vinalala huko kwenye mradi.

Kuna kitu ambacho nadhani kitakuuma zaidi wewe kama fundi. Ili upite unahitaji kibali, na kwa miaka mingi kibali hicho kiliandikwa jina la mwajiri mmoja. Ukigombana naye, hana haja ya kukufukuza. Anaacha tu kukiombea upya. Hapo wakaingia madalali. Mtu anakodi kibali kwa dalali, shekeli 2,000 kwa mwezi, wengine zaidi ya hapo, kisha anakwenda kutafuta kazi mwenyewe. Mshahara ng'ambo ni zaidi ya mara mbili ya ule wa Ukingo wa Magharibi, ndiyo maana watu wanakubali. Lakini piga hesabu: siku zako kadhaa za kwanza za kila mwezi zinamlisha dalali. Ukiugua wiki, dalali hajaugua.

Zamani haikuwa hivyo. Baada ya vita vya 1967 Israeli iliwafungulia Wapalestina soko lake la kazi, na kwa miaka mingi walivuka kwa ruhusa ya jumla tu. Kibali cha mtu mmoja mmoja kilikuja 1991 wakati wa vita vya Ghuba, na mwaka 1993 maeneo yakafungwa kwa jumla. Wazee wa foleni ile walikuwa wanakumbuka kwenda Jaffa kwa basi, kuvua samaki na kurudi jioni.

Ndugu Mtazamaji, swali lako silikwepi. Mabomu yalikuwapo, watu wasio na hatia walikufa, na niliketi Yerusalemu Magharibi na mama aliyezika. Sikuthubutu kumwambia neno lolote la kumfundisha. Sisi tuliapishwa kwamba hatuchukui upande wa Muisraeli wala Mpalestina, upande wetu ni sheria na utu. Na kisheria shida ya ukuta ule ni mahali ulipopita. Sehemu kubwa ya njia yake haiko kwenye mstari wa kusitisha vita wa mwaka 1949, iko ndani ya ardhi ya Wapalestina. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema hivyo Julai 2004, majaji 14 kwa mmoja. Kuukagua mwili wa mtu kwa ajili ya bomu ni jambo moja. Kufungua dirisha moja wakati kuna watu elfu tano na madirisha mengine yapo, hilo silioni lina uhusiano na bomu. Na ukumbuke kwamba wale wote kwenye foleni tayari wamekaguliwa na idara ya usalama kabla ya kupewa kibali.

---

Mjukuu wa Murang'a

Hii ni kipande. Babu yangu alivaa kipande shingoni ndani ya kikopo cha bati, karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara. Mzungu asipoitia sahihi, babu haondoki shambani. Sheria ilitungwa 1915, wakaanza kuvishwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kila mwanamume kuanzia miaka 16. Mwanaharakati wetu Harry Thuku alipokamatwa 1922 kwa kuipinga pamoja na kodi, watu walipigwa risasi Nairobi. Na si kufananisha tu, maana Palestina nayo ilitawaliwa na Mwingereza huyo huyo hadi 1948. Kanuni za hali ya hatari alizowatungia wao mwaka 1945 jeshi la Israeli linazitumia mpaka leo. Sisi za kwetu tulizionja 1952.

---

Nyakato

Na neno lenyewe kibarua, wakuu. Kibarua ni barua ndogo. Huko nyuma Unguja na pwani mtu wa kazi za siku alipewa kikaratasi, na jina la kikaratasi likageuka jina la mtu. Dada anaposema vibarua wa Kipalestina, neno limefika mahali pake.

---

Binti Usambara

Shikamoo Mjukuu wa Murang'a, na asante kwa hilo la babu. Nyakato, sikuwahi kulifikiria. Wao karatasi ile wanaiita *tasrih*, na wanaitaja siku nzima: *tasrih* yangu imekwisha, *tasrih* ya mwanangu imekataliwa.

Maneno ndiyo yaliyonifungulia mlango pale. Siku ya kwanza mzee mmoja alinipita akasema "sabah al-kheir". Nimekulia na majirani Waislamu kule Lushoto, nikajikuta nimemjibu kama ningemjibu Bi mkubwa wa jirani yetu: sabalkheri. Akasimama, akacheka, akamwita mwenzake. Kuanzia hapo walikuwa wananipima kwa maneno. Saa? Saa. Haki? Haki. Rizki? Rizki. Jeshi lao ni jeshi letu, askari wao ni askari wetu, na subira yao ndiyo subira yetu. Wasweden wenzangu walikuwa wanashangaa nimejifunzia wapi Kiarabu, na Kiarabu sikijui.

Kulikuwa na fundi marumaru wa Yatta, mtu wa makamo, mwembamba. Yeye hakungoja nimuulize. Kila akinifikia alitaja saa aliyotoka nyumbani, basi, kisha anakwenda zake. "Saa saba na nusu." "Saa saba na robo." Mwanzo nilidhani analalamika. Baadaye nikaelewa anataka iandikwe. Kimashine changu kilianza kumhesabu alipofika getini, na yeye aliona hesabu yangu ina pengo, maana usiku wake ulikuwa umeanza mbali na pale. Nikafungua ukurasa wa nyuma wa daftari nikawa naandika saa zake. Haukuwa utaratibu wa ofisi, hakuna fomu yenye mstari huo.

Saa zile ndizo zilizokuwa zinaibwa pale, wakuu. Mishahara inajulikana, vibali vinajulikana, hata ukuta umepimwa kwa mita. Lakini saa tatu za mtu kila usiku, siku tano au sita kwa wiki, kwa miaka kumi na tano, hakuna anayeziandika. Mkewe anamwona kwa taa. Mmoja aliniambia watoto wake wanamjua kwa siku za Ijumaa na Jumamosi. Nikiulizwa tulifanya nini kule, najibu kwamba tuliandika saa.

---

Ustadh wa Mvita

Assalaam alaykum dada yangu. Allah akulipe. Nauliza juu ya swala ya alfajiri, maana saa hizo ulizozitaja ndizo zake. Na vipi wanaokwenda al-Aqsa mwezi wa Ramadhani, ni geti hilo hilo?

---

Binti Usambara

Wa alaykum salaam Ustadh.

Swala waliswali pale pale. Wanaotangulia kutoka ng'ambo walikunjua yale maboksi kwenye lami wakapanga safu, na wengine waliswali ndani ya foleni wakiwa wamesimama, kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kusujudu. Kuna kitu nilikiona mara nyingi: adhana ikitoka Bethlehemu, msukumano unapungua kwa dakika chache, kama maji yanapotulia, halafu unaanza upya.

Ramadhani ni geti hilo hilo na kizuizi cha Qalandia upande wa Ramallah. Masharti hubadilika mwaka hadi mwaka. Mwaka 2024 na 2025 kwa watu wa Ukingo wa Magharibi walioruhusiwa Ijumaa ni wanaume wa zaidi ya miaka 55, wanawake wa zaidi ya 50 na watoto wadogo, na bado wanahitaji kibali. Kijana wa miaka thelathini anayeishi kilomita kumi kutoka al-Aqsa huenda hajawahi kuiona ila kwenye picha. Wewe wa Mombasa ukipata viza na nauli utaswali humo kabla yake.

---

Mama Eliya

Nimesoma nikalia. Mwaka 2018 tulikwenda hija na kanisa letu, kwaya nzima. Basi lilipita ukuta huo. Askari mmoja aliingia, akatembea mpaka katikati ya basi, akatabasamu, akashuka. Dakika tatu. Tulikuwa tunaimba. Sikujua kama upande wa pili wa ukuta huo kuna watu wamesimama tangu usiku.

---

Binti Usambara

Mama Eliya, usijilaumu mama. Njia ya mabasi imetengwa na njia ya miguu, na mahujaji hupita mchana, foleni imekwisha. Hata mimi nilipita hapo mara ya kwanza kwa gari nikaona ni kituo cha kawaida. Ukiongoza kikundi tena, mwambie mwenye kampuni ya safari mlale Bethlehemu usiku mmoja, halafu wenye nguvu waamke saa tisa usiku wakanywe chai pale ukutani. Hakuna kibali kinachohitajika kunywa chai.

Nimesahau kuwataja akina mama wa Kiisraeli, na ni kosa kubwa. Kuna chama kinaitwa Machsom Watch, *machsom* ni kizuizi kwa Kiebrania. Kilianzishwa 2001 na wanawake watatu wa Kiisraeli, kikafikia mamia. Ni wanawake pekee. Wengi ni bibi kabisa, wana wajukuu jeshini. Waliamka Yerusalemu na Tel Aviv gizani, wakaendesha gari, wakasimama vizuizini asubuhi na jioni, wakaandika ripoti na kuziweka hadharani mtandaoni kwa miaka yote hii. Sisi wageni tulikuwa tunabaki miezi mitatu tunaondoka. Wao walikuwa na kitu ambacho sisi hatukuwa nacho, lugha. Bibi wa miaka sabini anamkaribia askari wa miaka kumi na tisa na kumwambia kwa Kiebrania: mwanangu, njia ya wagonjwa mbona imefungwa? Wakati mwingine kijana anaona haya, anapiga simu, njia inafunguliwa. Wakati mwingine anamtukana, na mengine waliyotukanwa na raia wenzao siwezi kuyaandika hapa.

Njia ya wagonjwa ni ile ya pembeni, iliyotengwa kwa wanawake, wazee, wagonjwa na wanafunzi. Ilitakiwa kufunguliwa mapema. Asubuhi nyingi haikufunguliwa kwa wakati, na sisi tulikuwa na namba ya simu ya kupiga. Unapiga, unaambiwa subiri. Unapiga tena. Kuna mama alikuwa anakwenda kusafishwa figo Yerusalemu, nakumbuka alivyokaa juu ya jiwe akiwa ameshika karatasi za hospitali mbele yake kama sahani.

Wale akina mama pia wana kikundi kinachowasaidia waliozuiwa na idara ya usalama. Mtu anakwenda kuomba kibali, anaambiwa umezuiwa, basi. Haelezwi kosa. Wao wanamwandikia rufaa, wanafuatilia, na wengine wamefutwa kwenye orodha. Tuseme mia wanaandikiwa, kadhaa wanapata. Kila aliyepata ni nyumba imekula.

---

Kaka wa Kinondoni

Dada, na mimi niulize lililonikaa. Mlihesabu, mkaandika. Kuna kilichobadilika?

---

Binti Usambara

Takwimu zilikwenda ofisi za Umoja wa Mataifa, makanisa, balozi. Mwaka 2019 Israeli ilijenga upya Qalandia na Mia Tatu. Mageti mengi zaidi, ya kuonyesha kadi na uso, kamera inakutambua, unapita. Foleni ya saa mbili ikawa ya dakika chache. Nilifurahi nikiwa Sweden, na sitaki kuidharau hatua ile, kwa sababu usingizi ni usingizi. Siwezi kusema ni kwa sababu ya madaftari yetu.

Ila fundi wangu aliniandikia wakati ule kwamba sasa anapita bila kuongea na mtu yeyote, na mashine ina uso wake, na hajui inaupeleka wapi. Dalali alibaki vile vile.

Kisha Oktoba 2023. Baada ya shambulio la tarehe 7 na vita vya Gaza, Israeli ilisimamisha vibali. Kabla ya siku hiyo Wapalestina zaidi ya 150,000 wa Ukingo wa Magharibi walikuwa wanafanya kazi Israeli na kwenye makazi ya walowezi. Walioruhusiwa kurudi ni wachache. Na vizuizi vya ndani, kati ya mji na mji, vimeongezeka. Mapema 2025 Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya 800 vya kila aina. Watu sasa wanapanda ukuta kwa kamba na ngazi kwenda kutafuta kazi. Wapo wanaoanguka, wapo wanaopigwa risasi.

---

Msafiri wa Kericho

Nimesoma huu uzi nikiwa hapa hapa Israeli, shambani, kusini. Nilikuja 2024. Serikali yetu ilitangaza nafasi 1,500 mwisho wa 2023, Wamalawi wakatangulia, 221 kwa ndege moja. Nilipofika niliambiwa tu kuna upungufu wa watu. Kwenye stoo nilipata buti zimeandikwa majina kwa Kiarabu kwa kalamu nyeupe. Niliuliza za nani, msimamizi akasema za waliokuwa wanafanya hapa kabla. Nimezitumia mwaka mzima, sikuwa na zingine. Nina watoto wawili shule, siwezi kusema nitarudi kesho. Lakini tangu juzi nikizivaa nafikiria yule mwenye buti anavaa nini.

---

Mchonga Mawe

Kaka Kericho pole, usibebe mzigo usio wako. Ulitafuta riziki kama yeye. Sisi huku pia tumezika, vijana wetu Clemence Mtenga na Joshua Mollel walikwenda kujifunza kilimo huko wakauawa siku ile ya tarehe 7. Mwili wa Joshua ulirudishwa Novemba 2025, miaka miwili wazazi wanangoja. Wakulima na mafundi ndio wanaoumia pande zote.

---

Binti Usambara

Ndugu wa Kericho, nimesoma ujumbe wako mara tatu. Fundi Mchonga Mawe amekujibu vizuri kuliko nitakavyoweza. Nyongeza yangu ni moja: kama majina kwenye buti bado yanasomeka, yaandike mahali. Usiyaweke humu hadharani, yaandike tu kwako.

---

Ustadh wa Mvita

Dada, yule fundi wa Yatta yuko hai? Mnawasiliana?

---

Binti Usambara

Yuko hai, alhamdulillah kama anavyosema mwenyewe. Kibali chake kilisimamishwa Oktoba 2023 na hakijarudi. Alifanya kazi za hapa na pale Yatta, lakini hakuna anayejenga kwa sababu hakuna mwenye pesa, na waliokuwa na pesa walikuwa hao hao waliokuwa wanavuka. Ameuza gari. Mwanawe wa pili aliacha chuo Hebroni. Msimu wa mizeituni alikwenda kuvuna kwa shemeji yake, siku nyingine walifika shambani, siku nyingine walirudishwa njiani.

Mwezi uliopita nilimpigia baada ya zamu yangu ya usiku. Huku ilikuwa saa saba kasoro usiku, kule saa saba imeshatimia na zaidi. Niliogopa nitamwamsha. Akapokea kabla haijaita mara ya pili, nikasikia maji yanamiminwa kwenye glasi. Akaniambia huamka saa ile ile kila usiku, bila saa ya kengele, anachemsha chai, anakaa jikoni mpaka alfajiri. Kisha akanitajia: "Leo saa saba na robo."

Daftari ninalo bado. Nimeiandika.